Msimtumie Ruby Kutunyamazisha

Mara ya kwanza kusikia habari za Ruby Bridges nilikuwa kidato cha pili, nimekaa kwenye benchi la bwalo la chakula ambalo kila Jumapili liligeuka kanisa. Mhubiri mgeni, kijana mwenye sauti nzuri na shati lililopigwa pasi vizuri, alituambia kuhusu mtoto mweusi wa miaka sita huko Marekani. Kila asubuhi mtoto huyo alipita katikati ya watu wazima waliomtukana kwa sababu ya rangi yake, na siku moja akasimama mbele yao akawaombea. "Akawaombea!" mhubiri alirudia, na bwalo zima likaitikia amina. Kisha akatugeukia: "Wewe ambaye mwenzako amekuibia sabuni tu, unashindwaje kusamehe?" Tulicheka. Tulipiga makofi. Mimi nilipiga makofi.

Benchi la mbele yangu alikaa msichana ambaye hakupiga makofi. Nitamrudia.

Tangu siku ile nimeisikia hadithi hiyo mara nyingi: kwenye semina za vijana, kwenye makongamano ya uongozi, kwenye zile picha zenye maneno ya kutia moyo ambazo watu hutumiana asubuhi. Sura yake haibadiliki. Kuna mtoto, kuna sala, kuna ushindi, na mwishoni kuna funzo: uwe na imani, uwe na bidii, samehe, utafika. Mvumilivu hula mbivu. Naandika kwa sababu nimechoka na funzo hilo. Yaliyosimuliwa yalitokea kweli, lakini yaliyoachwa nje ndiyo yanayoipa sala ile maana yake. Bila hayo, sala ya mtoto inageuzwa kitambaa cha kumfungia mdomo mtu mwingine anayeonewa.

Basi tuanze na yaliyoachwa.

Ruby alizaliwa Mississippi tarehe 8 Septemba 1954. Miezi minne kabla yake, tarehe 17 Mei, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imeamua katika kesi maarufu ya Brown kwamba kuwatenga watoto kwa rangi katika shule za umma kunavunja katiba. Kwa hiyo hukumu ilimzidi Ruby umri. Alikuwa na haki ya kukaa darasa moja na mtoto yeyote kabla hajakata kitovu. Lakini alipofika miaka sita, New Orleans, mji ambao wazazi wake walihamia, ulikuwa bado haujaitekeleza hukumu hiyo katika shule zake za msingi. Ilibidi jaji wa serikali kuu, J. Skelly Wright, atoe amri. Hata baada ya amri, watoto weusi walipewa mtihani kwanza, mtihani ambao watoto weupe hawakuulizwa. Sita walifaulu. Wawili walibaki katika shule zao za awali, watatu wakapelekwa shule ya McDonogh namba 19, na Ruby akapelekwa shule ya William Frantz. Peke yake.

Asubuhi ya tarehe 14 Novemba 1960, maofisa wanne wa serikali kuu walimpeleka shuleni kwa gari pamoja na mama yake, Lucille. Alipoona watu wamejaa barabarani wakipiga kelele na kurusha vitu, alidhani ni Mardi Gras, sherehe kubwa ya mji ule kabla ya Kwaresima. Siku hiyo hakusoma hata herufi moja. Yeye na mama yake walikaa ofisini kwa mkuu wa shule tangu asubuhi hadi saa tisa alasiri, wakiwatazama kupitia kioo wazazi weupe wakiingia kuwatoa watoto wao. Kesho yake alimkuta mwalimu mmoja tu aliyekubali kumfundisha, Barbara Henry, mwanamke mweupe aliyetoka Boston. Mwaka mzima darasa lilikuwa na mwalimu mmoja na mwanafunzi mmoja.

Nje, umati ulirudi siku baada ya siku. Wengi wao walikuwa wanawake, mama wa watoto. Watu waliwaita "washangiliaji", kama wale wa viwanja vya mpira. Mmoja wao alitishia kumtilia Ruby sumu, na tangu hapo maofisa hawakumruhusu kula chochote kisichotoka kwao nyumbani. Mwingine alileta jeneza dogo, ndani yake amelazwa mwanasesere mweusi. Mtoto wa miaka sita aliona jeneza la saizi ya mtoto, akaingia darasani kujifunza kusoma.

Sala ile tunaijua kupitia kwa Robert Coles, daktari wa magonjwa ya akili aliyejitolea kumtembelea Ruby mwaka ule. Kwa maelezo yake, Bi. Henry alikuwa dirishani asubuhi moja akamwona Ruby amesimama mbele ya umati, midomo yake ikicheza. Alifikiri anawajibu. Alipoulizwa, Ruby alisema alikuwa anasali. Desturi yake ilikuwa kuwaombea watu wale kabla ya kuwafikia; siku hiyo alisahau, akakumbuka akiwa tayari katikati yao, ndipo akasimama. Alimwomba Mungu awasamehe.

Mhubiri wetu aliishia hapo, na wengi huishia hapo. Mimi nataka nianzie hapo.

Mtu huombewa msamaha kwa lipi? Kwa kosa. Huwezi kumwombea msamaha mtu ambaye hakukosea. Ukisimama mbele ya Mungu ukasema "wasamehe hawa", tayari umeshasema kwamba hawa wametenda dhambi, na umewataja mbele ya Hakimu asiyehongeka. Ruby hakuomba apewe moyo wa kuyazoea matusi. Hakuomba asamehewe kwa kuwaudhi watu kwa rangi yake. Aliwaombea msamaha wao, na kwa kufanya hivyo, kwa lugha pekee ambayo mtoto wa miaka sita aliyelelewa kanisani anaweza kuwa nayo, aliwasomea mashtaka. Mji mzima ulikuwa unabishana kama ubaguzi ni desturi, ni siasa, ni haki ya majimbo, ni suala la kwenda polepole. Mtoto peke yake ndiye aliyekuwa analiita jambo lile kwa jina lake kila asubuhi.

Linganisha sala hiyo na ile tunayofundishwa. Sisi tunamwambia anayeonewa: omba, usiseme. Samehe, usitaje. Tunaitoa dhambi ndani ya sala halafu tunamrudishia mtu ganda lake. Msamaha usiotaja kosa ni adabu mbele ya mwenye nguvu, na adabu ya namna hiyo wenye nguvu hawajawahi kuiogopa.

Kuna jambo la pili ambalo wahubiri hawapendi kuligusa: wale wanawake nao walikuwa na dini. Louisiana ya mwaka 1960 haikuwa nchi ya makafiri. Kusini mwa Marekani ubaguzi ulihubiriwa kwenye mimbari kama mpango wa Mungu, na New Orleans ni mji wenye Wakatoliki wengi, mji ambao hata kelele za umati zilimkumbusha mtoto sherehe ya kalenda ya Kanisa. Ukisema tu kwamba "imani ndiyo iliyomshindisha Ruby", umesema nusu. Imani ilikuwepo pande zote mbili za barabara. Swali ni imani ilikuwa inafanya kazi gani mikononi mwa aliyeishika.

Mtazame Joseph Rummel, askofu mkuu Mkatoliki wa mji huo. Simchukulii kuwa mtu mbaya. Ukweli ni kwamba alikuwa bora kuliko wengi. Mwaka 1956 alitoa waraka wa kichungaji akitamka kwamba utengano wa rangi ni kosa la kimaadili na ni dhambi. Alitamka wazi, bila kupepesa macho. Kisha waumini wenye uwezo wakapiga kelele, wanasiasa wakatisha, na shule za Kanisa zikaendelea kuwatenga watoto. Zilifunguliwa kwa watoto wa rangi zote Septemba 1962. Aprili mwaka huo askofu alikuwa amewatenga na Kanisa watu watatu walioongoza upinzani, akiwemo mwanasiasa Leander Perez. Lilikuwa jambo la ujasiri kwa mzee mgonjwa. Lakini hesabu tarehe. Askofu mkuu, mwenye fimbo ya uchungaji, shule na mamlaka, alijua ni dhambi mwaka 1956 akangoja hadi 1962. Mtoto wa miaka sita, mwenye begi na utepe kichwani, aliingia mlangoni Novemba 1960. Alilitangulia Kanisa kwa karibu miaka miwili.

Sasa niambie: katika hadithi hii nani alihitaji kuhubiriwa? Nani alihitaji kuambiwa awe na imani zaidi? Kama ningekuwa mhubiri, somo hili nisingelipeleka kwenye bwalo la wanafunzi. Ningelipeleka kwenye mkutano wa maaskofu, wachungaji, masheikh, wakuu wa shule na wajumbe wa bodi, watu wote ambao wanajua jambo fulani ni dhambi na wamelipangia mwaka wa kulishughulikia.

Jambo la tatu ni gharama. Tunapenda kusikia kwamba Ruby hakulia. Mmoja wa maofisa waliomsindikiza alisimulia baadaye, kwa fahari na kwa mapenzi, kwamba mtoto hakulia kamwe, alitembea kama askari mdogo. Sentensi hiyo hutajwa kama sifa. Lakini ni mzazi gani anayetaka mtoto wake wa darasa la kwanza atembee kama askari?

Mwili wa Ruby ulilia kwa njia nyingine. Aliota ndoto mbaya. Lile jeneza lilimfuata usiku. Na aliacha kula. Akiwa peke yake wakati wa chakula cha mchana, alikuwa anaificha mikate yake ndani ya kabati la darasa na kumwaga maziwa kwenye chupa ya gundi, mpaka panya na mende wakaanza kuja na siri ikagundulika. Mtoto aliyetishiwa sumu hakuweza kumeza. Baada ya hapo Bi. Henry akaanza kula naye. Kabati hilo halimo katika mahubiri yoyote niliyowahi kusikia. Sala imo, mikate iliyooza haimo, ingawa mtoto ni yuleyule na mwaka ni uleule.

Nyumbani nako bei ililipwa. Baba yake, Abon, alifukuzwa kazi kwenye kituo cha mafuta. Dukani walipozoea kununua mahitaji hawakutakiwa tena. Babu na bibi kule Mississippi, waliolima shamba la mtu kwa kugawana mavuno, waliondolewa kwenye ardhi hiyo. Abon tangu mwanzo hakutaka binti yake apelekwe. Alikuwa amepigana vita vya Korea katika jeshi la nchi iliyorudi kumwambia akae upande wake, na hakuamini kwamba mambo yangebadilika. Lucille ndiye aliyesisitiza. Baadaye wawili hao walitengana. Katika masimulizi yetu baba huyu huonekana kama mtu wa imani haba. Mimi namwona kama mtu pekee aliyeuliza swali ambalo kila mzazi mwenye akili timamu angeuliza: kwa nini awe wangu, na kwa nini alipe yeye?

Najua wasomaji wengine wamekaa upande wa pili, wananisubiri. Ni wale marafiki zangu wa chuo ambao wamesoma vitabu vyao, na wakisikia neno sala wanatabasamu kidogo. Kwao hadithi ni rahisi: mtoto alilishwa dini ya waliowafanya babu zake watumwa, akaitumia kama dawa ya usingizi, kilichofungua mlango ni amri ya mahakama na bastola za maofisa. Sala ilikuwa pambo.

Nanyi nawakatalia, na kwa ukali uleule. Kwanza, ni kiburi kumwambia mtu aliyepita motoni kwamba kile alichokishika mkononi hakikuwepo. Pili, mnasema amri ya jaji ndiyo iliyofungua mlango. Kweli. Lakini amri ya jaji haina miguu. Lazima kuwe na mtoto wa kuutimiza ule waraka kwa miguu yake, leo, kesho, na Jumatatu ijayo, na mama wa kumvisha viatu. Hukumu ya Brown ilikaa kwenye makaratasi miaka sita mjini New Orleans ikisubiri miguu hiyo. Maofisa waliweza kuuzuia umati usimguse Ruby. Hawakuweza kuuzuia usiingie ndani yake. Kazi hiyo ilifanywa na kitu kingine, na yeye mwenyewe amekiita sala. Kwa kuwaombea watu wale, aliendelea kuwaona kuwa ni watu wenye kosa, na hivyo hakulazimika kuamini kwamba kosa ni yeye. Kwa mtoto anayeambiwa kila asubuhi na mamia ya watu wazima kwamba yeye ni uchafu, sijui kinga bora kuliko hiyo.

Tena imani ile haikuwa ya mtu mmoja aliyefumba macho. Majirani wa akina Bridges walifanya zamu ya kuilinda nyumba. Wengine walitembea nyuma ya gari la maofisa asubuhi. Jirani mmoja alimpa Abon kazi ya kupaka rangi nyumba baada ya kufukuzwa. Mchungaji Mmethodisti mweupe, Lloyd Foreman, alimshika mkono binti yake wa miaka mitano akapita naye katikati ya umati uleule kwenda shule ileile, akitukanwa na kusukumwa, kwa sababu hakuona sababu ya kumtoa mtoto shuleni. Sitaki kumfanya shujaa kuliko Ruby. Angeweza kugeuka njiani akarudi kwenye maisha yake, jambo ambalo Ruby hakuweza kulifanya hata kama angetaka. Lakini hiyo ndiyo imani ninayoielewa. Ina zamu ya usiku. Ina ndoo ya rangi na ujira wa wiki. Ina mtu mzima anayekubali sehemu ya matusi yamwangukie yeye.

Na Barbara Henry, ambaye sijui alisali vipi, alifanya jambo dogo ambalo kwangu ni kubwa kuliko hotuba nyingi. Hakumhubiria Ruby uvumilivu. Alikaa naye. Alimfundisha hesabu na kusoma, alicheza naye, na alipogundua kwamba watoto wachache weupe wa darasa la kwanza wamerudi na wanafundishwa chumba kingine, alimbana mkuu wa shule mpaka Ruby akakutanishwa nao. Mtoto mmoja wa kiume akamwambia Ruby kwamba mama yake amemkataza kucheza naye kwa sababu ya rangi yake. Ruby amesimulia kwamba hapo ndipo alipoelewa, kwa mara ya kwanza, kelele zote zile zilihusu nini. Mwaka ulipoisha, mkataba wa Bi. Henry haukuendelezwa.

Mwaka 1964 ilichapishwa picha ya mchoraji Norman Rockwell iliyokwenda dunia nzima: mtoto mweusi mwenye gauni jeupe anatembea kati ya maofisa wanne ambao vichwa vyao havionekani, nyuma yake ukuta wenye tusi na nyanya iliyopasuka. Mwaka 2011 Rais Obama aliitundika karibu na ofisi yake, na Ruby, akiwa mama mtu mzima, akaenda kuitazama. Ni picha nzuri. Itazame tena uone nani hayumo. Umati haumo. Unaona nyanya, humwoni aliyeirusha. Rockwell, nadhani, alijua anachofanya: anayeitazama picha anasimama pale pale uliposimama umati, na anabaki kujiuliza mkono wake ulikuwa wapi. Lakini sisi tuliorithi hadithi hii tumeutumia ule utupu vibaya. Tumemwacha mtoto peke yake kwenye fremu, tukamsifu, tukawaacha watu wazima waende nyumbani.

Msiniambie hayo ni ya Marekani. Tanganyika ya mkoloni ilikuwa na shule za Wazungu, shule za Waasia na shule za Waafrika, kila kundi na mafungu yake, na mfumo huo uliunganishwa rasmi Januari 1962, mwaka uleule shule za Kanisa za New Orleans zilipofungua milango. Tuliufuta kwa sheria, na ilikuwa sawa kuufuta. Lakini desturi ya kumwambia mtoto "hapa si kwenu" haikuondoka na bendera ya Mwingereza. Ilibadilisha tu anayesema na anayeambiwa.

Sasa namrudia msichana wa benchi la mbele.

Wazazi wake walivuka kutoka Burundi, yeye akazaliwa kambini huku Kigoma. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu, ila kulikuwa na herufi fulani alizozitamka kwa namna yake, na hizo zilitosha. Bwenini aliitwa Mkimbizi. Mwalimu mmoja naye alimwita hivyo darasani, kwa utani, na darasa zima likacheka, maana mwalimu akitania kucheka ni lazima. Godoro lake lilimwagiwa maji mara mbili. Alipokwenda kwa matroni, matroni alimshika bega kwa upole wa kweli, akamwambia: "Mwanangu, omba. Mkumbuke yule mtoto wa Marekani. Samehe, uangalie kitabu chako."

Akatii. Jumatano moja, kwenye sala ya jioni bwenini, kiranja alipouliza nani ataomba, yeye akasimama. Aliomba kwa sauti ya kawaida. Alimwomba Mungu awasamehe waliomwaga maji kwenye godoro lake, kitanda cha tatu kutoka mlangoni. Alimwomba amsamehe mwalimu anayemwita kwa jina ambalo wazazi wake hawakumpa. Alimwomba awasamehe wanaocheka hali wanajua si haki. Akasema amina.

Hakuna aliyeitikia. Mimi nilikuwa nimefumba macho nikayaacha yamefumbwa, kama mtu anayesubiri mvua ipite. Asubuhi matroni alimwita. Hakukuwa tena na mkono begani. Aliambiwa kwamba sala si mahali pa kusengenya wenzake, na kwamba akirudia ataadhibiwa.

Alikuwa amefanya kile hasa alichoambiwa. Alikuwa ameomba kama Ruby. Na hapo ikajulikana kwamba hawakuwa wanaitaka sala ya Ruby. Walikuwa wanataka kimya. Baada ya likizo ya Juni hakurudi. Hakuna tangazo lililotolewa. Kitanda cha tatu kutoka mlangoni alipewa mwingine.

Ninajua kwamba nilikuwa sehemu ya umati. Sikubeba jeneza, sikumwaga maji. Nilicheka mwalimu alipotania, na nilinyamaza ilipotakiwa amina moja tu. Umati wa New Orleans nao haukuwa wote wa kupiga kelele. Mji ulikuwa na maelfu ya watu waliobaki ndani, wakavuta mapazia, na Jumapili wakaenda kanisani. Hao ndio ninaowafahamu vizuri zaidi.

Lile jengo la William Frantz bado lipo. Kwenye uwanja wake imewekwa sanamu ya Ruby mdogo na begi lake. Na katika miaka hii ya karibuni jengo hilo limekuwa makao ya shule yenye jina la Kiswahili: Akili Academy. Nilipolisoma jina hilo mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Ng'ambo ya bahari, juu ya mlango ule uliozungukwa na matusi, kuna neno letu. Nadhani linatuhusu. Ruby tumempokea kwa nusu ya imani tu, ile inayosema funga mdomo, na tumeiacha akili nje, ile inayouliza nani amekosa, nani analipa, na nani ana uwezo wa kuyakomesha leo.

Kwa hiyo nina ombi kwa yeyote atakayesimama tena mbele ya vijana na hadithi hii. Anza na wale wanawake. Eleza walivaa nini, walilea watoto wangapi, walisali wapi. Taja jeneza. Taja kabati lenye mikate. Mtaje askofu aliyejua akangoja, na jirani aliyetoa kazi ya kupaka rangi. Ukifika kwenye sala, ieleze ilivyokuwa: mtoto anamwambia Mungu, mbele yao, kwamba hawa wamekosa. Halafu, kabla hujamuuliza anayeonewa kama yuko tayari kusamehe, waulize wengine wote bwaloni kama wako tayari kuitikia.

Na kama yuko mwanafunzi atakayesimama akaomba kwa kutaja, msimwite ofisini. Semeni amina, kisha mkakaushe godoro.